Kuweka Viungo Vilivyosagwa

Somo letu la leo ni la jikoni, lakini wanaume msizime redio, kwa maana fedha inayopotea humo ni yenu pia.

Twaa bizari nyembamba nzima, uiweke kiganjani, uinuse. Harufu yake ni kidogo. Sasa iponde kwenye kinu. Mara harufu inajaa chumba. Imetoka wapi? Ndani ya kila punje mna mafuta mepesi sana, nayo ndiyo utamu wa kiungo. Ukisaga, umevunja ganda lililoyafunga, na mafuta huanza kuruka hewani. Harufu inayomfikia jirani leo ndiyo itakayokosekana katika mchuzi wako mwezi ujao. Kwa hiyo iliki, karafuu na pilipili manga zikiwa nzima huweza kukaa mwaka na zaidi, bali unga wake huchoka upesi.

Maadui wa unga huo ni hewa, joto, mwanga na maji. Dar es Salaam yetu inao wote, hasa maji. Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, hata chumvi hulowa.

Tuingie katika nyumba ya kupanga ya Temeke au Kinondoni. Viungo viko wapi? Mara nyingi viko karibu na jiko la mkaa, katika karatasi au mfuko wa nailoni uliopigwa fundo. Mpishi hufungua kopo juu ya sufuria inayotokota, akalitikisa. Mvuke hupanda ukaingia koponi, na baada ya siku chache unga umeshikana mabonge. Msifanye hivyo. Choteni kwa kijiko kikavu, mbali na sufuria, kisha funikeni mara moja.

Mabonge si neno kubwa. Neno kubwa ni ukungu. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu huko Dodoma na Manyara, ilipoingia katika mahindi. Pilipili na viungo vingine huweza kuingiwa nayo pia. Kweli, kiungo huliwa kidogo kuliko ugali. Hata hivyo, unga uliota ukungu au unaonuka uvundo utupwe. Usiuchekeche, wala usiukaange ukidhani moto umeusafisha. Najua kutupa pilipili manga kunauma, kwa bei yake.

Basi nunueni viungo vizima, sokoni Tandika au Tandale, mkasage kinachotosha wiki mbili au tatu tu. Ukivikaanga kwanza, viache vipoe kabisa, kwa maana vikitiwa chupani vikali moto hutoa jasho. Chupa ya jamu yenye kifuniko cha kuzungusha yafaa sana. Ioshe, uianike mpaka ikauke. Isiwe kubwa mno, kwani nafasi tupu ni hewa. Iweke kabatini, penye giza. Bizari ya manjano hasa haipendi jua, hupauka. Na wenye friji? Ukiitoa chupa ya baridi ukaifungua katika joto letu, maji hutanda ndani. Kabati ni bora.

Siku moja nilikuta chupa ya bizari kwa mama mmoja jirani. Nikamwuliza, "Shikamoo mama. Hii umeisaga lini?"

"Marahaba mwanangu. Ni ya Idi."

"Idi ipi, mama?"

Akacheka. Hakukumbuka, na bizari ilinuka kama vumbi.

Sasa shikeni kalamu. Kateni kipande cha karatasi, mwandike kwa herufi kubwa: BIZARI NYEMBAMBA. Chini yake: IMESAGWA TAREHE, kisha siku, mwezi na mwaka. Kibandikeni chupani, si juu ya kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Atakayeandika jina la kiungo kingine alilete darasani, mwalimu alisome.