Unataka kushusha SUV yako? Ipime kwanza kwenye barabara ya Busia na Malaba

Mtindo wa kushusha magari ulianza kwenye saluni, sasa umehamia kwenye SUV. Hapa Mombasa unaiona Forester au Harrier imekalia magurudumu yake, nafasi kati ya tairi na bodi haipiti vidole viwili, na mwenyewe anaendesha kwa madaha. Sina ugomvi na urembo, na gari ni lake. Lakini swali lililonifikia wiki hii halikutoka mjini kwetu. Limetoka Malaba, na Malaba mambo ni mengine.

Vijana wa Pwani walioko kwenye mpaka ule ni wengi. Mzigo unaoshuka bandarini kwetu kwenda Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo hupitia Malaba na Busia kwa sehemu kubwa, na mzigo hauendi peke yake. Huenda na makarani wa forodha, madereva na mawakala. Mmoja wao ni mtoto wa kaka yangu. Alinipigia simu: "Ami, nataka kuishusha gari yangu. Fundi wa Busia ananiambia ni kazi ya nusu siku tu. Itakuwa ngumu sana kuiendesha?" Gari lenyewe ni Subaru Forester ya mtumba kutoka Japani, ile iliyoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 2012. Kila siku ya kazi analitumia kati ya Malaba na Busia, na watoto wakifunga shule analipakia familia nzima kuja Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 900.

Mimi nilisomea magari ngazi ya diploma kabla kalamu haijanichukua, kwa hivyo nilimjibu kirefu. Nimeona heri niandike hapa pia, maana hilo neno "ngumu" ndilo linalowapoteza wengi. Watu hudhani springi fupi hubadilisha ulaini tu: jana gari lilikuwa godoro, leo ni mkeka, utazoea. Ugumu ni sehemu ndogo ya habari. Kubwa ni umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kabla ya kugonga.

Tazama springi inafanya nini. Gari likisimama, springi imebonyea kiasi kwa uzito wa bodi. Gurudumu likikutana na tuta, hupanda, springi ikabonyea zaidi, na ile nguvu ya kishindo ikamezwa humo. Safari hiyo ya kupanda ina mwisho. Juu ya fimbo ya shokabsoba kuna raba nene ambayo mafundi huiita stopa. Gurudumu likipanda hadi stopa ikabanwa, springi imemaliza kazi yake, na kishindo kilichobaki kinaingia kwenye bodi, kwenye bushi, na kwenye mgongo wako.

Tuchukue mfano wa hesabu, tarakimu za kufundishia tu. Tuseme kila gurudumu lina sentimita 9 za kupanda kabla ya stopa, na springi ya kiwandani inahitaji kilo 30 ili ibonyee sentimita 1. Umeshusha gari sentimita 3. Zimebaki 6. Ili kumeza kishindo kilekile ndani ya sentimita 6 badala ya 9, springi haihitaji kuwa ngumu mara moja na nusu, kama wengi wanavyokisia. Inahitaji kuwa ngumu mara mbili na robo, yaani kilo 67 hivi kwa sentimita, kwa sababu nguvu inayohifadhiwa kwenye springi hukua kwa mraba wa umbali iliobonyezwa.

Hakuna mtu anayekuuzia springi ya namna hiyo kwa gari la familia. Ungeshindwa kukaa ndani. Springi za kushushia zinazouzwa madukani kwa kawaida huongezewa ugumu kiasi tu. Tuseme asilimia 20, yaani kilo 36. Ukipiga hesabu, springi hiyo kwenye sentimita 6 inameza zaidi kidogo ya nusu ya kile ilichokuwa inameza ya zamani kwenye 9. Nusu ya pili ni ya stopa. Ndiyo maana mtu aliyeshusha gari hukwambia "si ngumu sana, ila kuna mahali inapiga". Hapo inapopiga ndipo springi ilipoishia.

Ongeza abiria na mizigo. Watu wawili au watatu nyuma na buti lililojaa huongeza kama kilo 200 kwenye ekseli ya nyuma, kilo 100 kila upande. Kwa springi ya kiwandani nyuma itazama sentimita 3 na kidogo, na utabaki na karibu 6. Kwa ile iliyoshushwa, ukianza na 6 ukatoa karibu 3, umebaki na 3 na ushei. Kwa hizo 3 unataka kutoka Malaba hadi Mombasa.

Tumbo la gari kukwaruza si hoja yangu kubwa. Forester ya aina hiyo hutoka kiwandani ikiwa na sentimita 22 kati ya tumbo na barabara. Ukiishusha 3 au 4 bado iko juu kuliko saluni nyingi, na saluni zinapita Busia kila siku. Kijana wangu alilijua hilo na akanitolea kama hoja. Lakini saluni ilichorwa iwe na kimo hicho, na safari ya magurudumu yake ikapangwa kwa kimo hicho. SUV iliyoshushwa imekatwa safari yake huku uzito wake ukibaki uleule.

Sasa barabara zenyewe. Ukitoka Kisumu unapita Luanda, Yala, Ugunja na Bumala ndipo uingie Busia. Ukitoka Webuye unapita Bungoma hadi Malaba. Karibu kila senta ina matuta, mengine yamechorwa rangi, mengine unayajua kwa kichwa kugonga dari. Hayo tuyaache, kila dereva wa Kenya anayajua. Cha mpakani hasa ni malori.

Foleni ya malori Malaba mara nyingine huwa ya kilomita kadhaa. Lami ikipata joto hulainika, na lori lililosimama au linalotambaa huikandamiza kwa muda mrefu kuliko linalopita kwa kasi. Matokeo yake ni mabonde mawili pale magurudumu yanapopita, na katikati lami imeinuka kama kingo. Gari dogo likiingia humo, magurudumu yanashuka na tumbo linasogelea ile kingo. Foleni ikizidi, magari madogo hutoka pembeni na kupita kwenye bega la barabara, penye changarawe na ukingo wa lami uliokatika kama ngazi. Gurudumu moja linashuka, kisha linapandishwa kwa ghafla. Hilo ndilo pigo linalomaliza safari ya springi mara moja, tena upande mmoja tu.

Na hapa ndipo ninapoacha kuzungumzia raha na kuzungumzia usalama. Springi inapofanya kazi, tairi hubaki limeikamata barabara. Stopa ikibanwa kabisa katikati ya kona, upande ule wa gari unakuwa mgumu ghafla, uzito unahamia kwenye tairi lile kwa kishindo, na tairi linaweza kuruka au kuteleza. Ukiwa peke yako barabarani utarekebisha usukani na kuendelea. Ukiwa unapishana na lori la mafuta lenye nambari za Uganda, nafasi ya kurekebisha ni ndogo sana.

Niseme pia ukweli wa upande wa pili. Gari lililoshushwa huinama kidogo zaidi ya kawaida? La, huinama kidogo chini ya kawaida, na usukani hujibu upesi. Kwenye lami laini kama ya Dongo Kundu utaipenda. Lakini faida hiyo si kubwa kama inavyotangazwa. Ikiwa kitovu cha uzito cha gari kiko kimo cha sentimita 65 hivi na umekishusha 3, umepunguza chini ya asilimia 5 ya uzito unaohamia upande mmoja kwenye kona. Sehemu kubwa ya kile dereva anachokihisi inatoka kwenye ugumu wa springi wala si kimo. Tena ule mkono wa chini wa suspensheni, ambao kiwandani huinama kidogo kuelekea gurudumu, ukishusha gari unalala au unaelekea juu. Ukipita kiasi, gari linaweza kuanza kulalia kona zaidi badala ya kupungua.

Magurudumu nayo hubadilika yanavyosimama: juu yanaingia ndani, chini yanatoka nje. Usipofanya alaimenti, tairi huliwa ukingo wa ndani, mahali ambapo huoni mpaka uchutame na tochi. Kuna watu wamepasukiwa na tairi ambalo kwa nje lilikuwa na meno mazuri tu.

Shokabsoba ndiyo kitu kinachosahauliwa. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, na kazi ya kuizuia isirukeruke ni ya shokabsoba. Gari letu la mtumba limefika Mombasa likiwa na umri wa miaka kadhaa, kwa kuwa sheria inaruhusu hadi miaka minane, kisha sisi tukaongeza yetu. Kufunga springi mpya juu ya shokabsoba iliyochoka ni kufunga mlango mpya kwenye bawaba zilizolegea.

Hapo nimezungumzia springi halali, zilizotengenezwa kwa gari hilo. Fundi wa kijana wangu hakuwa nazo. Kazi ya "nusu siku" maana yake ilikuwa kukata mzunguko mmoja wa springi kwa grainda. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu kidogo kwa sababu mizunguko imepungua, hilo ni kweli, lakini ncha yake haikai tena kwenye kikalio chake, na gurudumu likining'inia kwenye shimo springi inaweza kulegea na kuhama. Wengine huipasha moto kwa gesi mpaka inyong'onyee. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukikichoma moto wa kukisia umekiua, na hujui kitazama lini wala upande gani. Hilo silijadili na mtu. Na fundi anayefungua springi bila chombo cha kuikandamiza, akitegemea kamba na mguu, mkimbie kwa usalama wake na wako. Springi iliyobanwa ikichomoka inavunja taya.

Inachekesha kidogo, maana mpakani kule kila mtu anahangaika kwenda upande mwengine. Wenye Probox huongeza raba katika springi za nyuma ili zibebe zaidi. Hata bodaboda, ambayo jina lake lilizaliwa Busia enzi za baiskeli za kuvushia watu, utaikuta imeimarishwa nyuma kwa ajili ya magunia. Barabara imewafundisha.

Kwa hivyo nilimwambia asiamini maneno ya fundi wala yangu. Apime. Kipimo chenyewe ni cha shilingi chache. Inua ile mpira ya kuzuia vumbi kwenye shokabsoba, funga kamba ya plastiki, zile za kufungia nyaya, kwenye fimbo chini kabisa, ibane iteleze kwa shida, kisha rudisha mpira. Fanya hivyo mbele na nyuma. Endesha siku yako ya kawaida: Malaba hadi Busia kwa kupitia Alupe, na kurudi, foleni na mabega ya barabara na yote. Siku nyengine fanya ukiwa na familia na mizigo. Ukimaliza, angalia kamba imesukumwa hadi wapi. Nafasi iliyobaki kati ya kamba na stopa ndiyo akiba uliyonayo.

Ikiwa imebaki sentimita 2, na unataka kushusha 3, jibu umelishika mkononi. Ikiwa kamba imefika kwenye stopa na springi bado ni za kiwandani, basi hata shokabsoba zako zinahitaji kuangaliwa kabla ya lolote. Na ikiwa imebaki 5 au zaidi ukiwa umepakia, shusha, lakini isizidi sentimita 2. Nunua springi zilizoandikwa aina ya gari lako na mwaka wake, zote nne, pamoja na shokabsoba zinazoendana nazo, na stopa fupi ikiwa mtengenezaji ameagiza. Iarifu kampuni ya bima kwa maandishi kabla, maana gari uliloliwekea bima si lile tena. Fanya alaimenti siku ya kufunga, kisha urudie baada ya wiki mbili tatu springi zikishatulia, na upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi pande zote nne. Pande mbili za ekseli moja zikitofautiana zaidi ya sentimita 1, rudisha gari kwa fundi kabla hujalipakia watoto.