Majina ya vijito vyetu

Mtu akisoma ramani ya Manono ataona Luvua, mto utokao ziwa Mweru na kuingia Lualaba huko Ankoro. Lakini vijito na mabonde wanamolima wakristo wetu mara nyingi havimo. Majina hayo tuyaandike sisi, mapadri na makatekista, maana wazee wenye kuyajua wanapungua, na vita vya 1998 hadi 2003 vilitawanya vijiji.

Tuyaandike ginsi gani? Kwa masikio ya Kiluba. Wazungu waliandika Loualaba, kisha Lualaba. Mluba anaandika Lwalaba. Tena sauti ikipanda ao ikishuka, neno la Kiluba laweza kugeuka maana. Basi tutie alama, sawa vile walivyofanya Van Avermaet na Mbuya katika kamusi yao ya mwaka 1954.

Tumuulize mzee pale ukingoni, si barazani. Tusimtajie jina sisi kwanza: kwa heshima atakubali tu. Kijito kimoja chaweza kuwa na jina hili juu na lingine chini. Yote mawili yaandikwe, pamoja na kijiji cha msemaji. Mwenye kufuta moja anaweza kumnyima mtu shamba lake, maana mipaka hutajwa kwa vijito, na leo watafutaji wa litiamu wanapima nchi ileile.