Urujuani wa Usambara: Kutoka Mwambani Hadi Barazani

Katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, kuna mmea mfupi, urujuani wa Usambara, unaoota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Majani yake ni manene yenye vinyweleo laini, na ua lake la zambarau lina chavua ya njano katikati. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akauita Saintpaulia ionantha. Leo unapamba madirisha duniani kote.

Anayetaka mmea huu ustawi nyumbani aanze kwa kuuelewa mwamba ule.

Pale mizizi hushika tabaka jembamba la majani yaliyooza, na maji ya mvua hupita bila kutuama. Ndiyo maana chungu kikubwa chenye udongo mzito huuozesha upesi. Chungu kiwe kidogo, upana wake theluthi tu ya upana wa majani, na kiwe na tundu chini. Udongo uwe mwepesi: mboji ya majani, mchanga wa mto na vipande vidogo vya mkaa.

Maji yawekwe kwenye sahani chini ya chungu, pale tu udongo wa juu unapokauka ukiugusa kwa kidole. Baada ya nusu saa yaliyobaki yamwagwe. Maji baridi yakidondokea majani huacha madoa yasiyofutika, na yakituama kati ya majani machanga, moyo wa mmea huoza.

Joto la nyuzi 18 hadi 24 ndilo linaloufaa zaidi, hivyo Lushoto haupati shida. Dar es Salaam au Mombasa ukae barazani, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Vikonyo vikirefuka sana, mwanga ni hafifu. Majani yakipauka na kujikunja, mwanga umezidi.

Mimea ya mwituni isichimbwe. Jamaa wa urujuani huu aliyeko Mbololo, milima ya Taita, anaishi eneo dogo mno, na miti ikikatwa jua huichoma mimea ya chini yake.

Kupata mmea mpya, jani moja kutoka kwa jirani linatosha. Likatwe na kikonyo cha sentimita tatu, kichomekwe kwa mshazari kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki chache, kisha vichipukizi kadhaa huibuka chini ya kikonyo. Kila kimoja huhamishiwa chungu chake.