Mgeni Katika Mji wa Wafinyanzi

Katika nchi ya Uchina, mbali na bahari, upo mji uitwao Jingdezhen. Umo katika jimbo la Jiangxi, kando ya mto Chang, yapata kilomita 460 kutoka Shanghai. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa mji huo pamoja na wilaya zake una watu 1,600,000 hivi. Penginepo mji wa namna hii ungeitwa mkubwa; lakini kwa Wachina ni mji mdogo, maana Shanghai peke yake ina watu zaidi ya 24,000,000.

Kazi ya Jingdezhen tangu kale ni kufinyanga vyombo vya kauri. Jina lake lilitokana na enzi ya mfalme iliyoitwa Jingde, iliyoanza mwaka 1004. Vyombo vyake vyeupe vyenye nakshi za samawati vilisafirishwa nchi nyingi. Hata pwani ya Afrika ya Mashariki watu wa zamani walipamba makaburi yao kwa bakuli za Kichina, kama yaonekanavyo makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam.

Basi vyombo vilitoka kwenda ng'ambo, na wageni nao wakaja kuvitafuta. Je, mgeni aendaye kukaa katika mji kama huo huishije?

Mwanzoni mwa karne ya 18 alikuwako padre Mfaransa, jina lake François Xavier d'Entrecolles, aliyefanya kazi ya dini katika mji huo. Aliandika kuwa wakati ule mgeni hakuruhusiwa kulala mjini. Ilimpasa alale katika mashua yake mtoni, au kwa mwenyeji amjuaye na kumdhamini. Sababu yake ni kwamba mji ulikuwa na mali nyingi, wala haukuzungukwa na ukuta. Ulinzi wake ulikuwa kujuana.

Sheria hiyo imekwisha zamani, lakini maana yake haijapotea kabisa. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2013, mgeni asiyekaa hotelini sharti aandikishwe kwa polisi kabla ya saa 24 kupita tangu afike, ama na yeye mwenyewe ama na mwenyeji wake. Katika mji mkubwa mgeni aweza kupotea katikati ya wageni wenzake. Katika mji mdogo hajifichi. Watoto humtazama njiani na kunong'onezana, "Laowai!" yaani, mtu wa nchi za nje. Kwa kawaida neno hili si tusi. Akikasirika kila alisikiapo, atachoka upesi. Akiitikia salamu kwa uso mkunjufu, baada ya siku chache muuza mboga na jirani watamjua.

Ugumu wa kwanza ni lugha. Katika Kichina, sauti ikipanda au ikishuka, maana nayo hubadilika. Neno "ma" likitamkwa kwa sauti ya juu iliyonyooka ni mama; sauti ikipanda ni katani; ikishuka kisha ikapanda ni farasi; ikishuka kwa nguvu ni kukaripia. Mtu asiyeangalia aweza kumwita mama wa mwenzake farasi. Tena maandishi yao si ya herufi chache kama zetu. Mtu atakaye kusoma gazeti vema yampasa ajue alama zipatazo 3,000. Na wazee wa Jingdezhen wakizungumza wao kwa wao, husema lugha ya kwao, ambayo hata Mchina wa Beijing huenda asiifahamu.

Ugumu wa pili ni mambo ya kila siku. Sokoni, watu wengi hawalipi tena kwa noti wala sarafu. Muuzaji hutundika karatasi yenye alama ya miraba midogo, na mnunuzi huielekezea simu yake, fedha zikaenda. Mgeni ambaye simu yake haijaunganishwa na benki hupata taabu hata kununua kikombe cha chai. Chakula ni wali, mboga na samaki, navyo hutiwa pilipili nyingi. Huliwa kwa vijiti viwili. Wakati wa baridi, katika nchi ya kaskazini serikali hupitisha mabomba ya joto majumbani. Lakini Jingdezhen u kusini, wala hauna mabomba hayo. Basi watu huvaa makoti mazito hata ndani ya nyumba, na kunywa maji ya moto.

Ugumu wa tatu ni upweke. Sikukuu yao ya Mwaka Mpya, iangukayo mwezi wa Januari au Februari, kila mtu hurudi kwa wazazi wake. Maduka mengi hufungwa, njia huwa kimya. Siku hiyo ndipo mgeni ajuapo kama amepata rafiki: aliye na rafiki huitwa mezani, asiye naye hula peke yake.

Yule padre alisimulia habari iliyo na mafundisho. Kauri hufanywa kwa vitu viwili: udongo mweupe uitwao kaolini, na jiwe fulani lililosagwa. Wageni wa Ulaya walinunua lile jiwe wakalipeleka kwao, lakini kaolini hawakuichukua, nao hawakufaulu. Mfanyabiashara mmoja wa Kichina aliposikia, alicheka, akasema kuwa walitaka mwili wa nyama usio na mifupa.

Padre mwenyewe alijifunza zaidi. Alikuwa na Wakristo wafanyao kazi ya kauri, nao walimweleza. Barua zake za mwaka 1712 na 1722 zilichapishwa Ulaya, na wafinyanzi wa huko wakapata kujua siri nyingi. Wengine humsifu kwa elimu hiyo; wengine husema alitoa mali ya wenyeji wake pasipo ruhusa. Kwa hiyo mgeni na aangalie: aambiwalo kwa sababu ya kuaminiwa ni amana.

Leo wageni huja Jingdezhen waziwazi kujifunza ufinyanzi, na mafundi huwafundisha. Fundi bingwa huitwa "shifu", na jina lake la ukoo hutangulia: Wang shifu, yaani Fundi Wang. Mwanafunzi huanza kwa kukanda udongo siku nyingi kabla ya kuguswa gurudumu. Wahenga wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Huko Jingdezhen hupewa udongo. Akiupokea kwa mikono miwili, akajifunza lugha na kutunza amana, mji wa ugeni huwa mji wa majirani.