Mgonjwa Akiruhusiwa, Atalala Wapi?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Haya, uji asiulizwe, lakini kuna swali ambalo lazima aulizwe kabla ya kutoka wodini: je, leo utalala wapi?

Kwetu Golbanti swali hilo si geni. Mto Tana ulipofurika mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, jamaa wengi wa Delta hii waliacha nyumba wakalala mahemani. Sasa mfikirie mzee aliyeshonwa mguu, tuseme pale Ngao, jirani zetu. Daktari amemaliza kazi yake vizuri kabisa. Anamwambia, "Nenda nyumbani upumzike, kidonda kisiguse maji." Nyumbani gani, na maji yamefika dirishani? Hemani analala chini penye tope, choo kiko mbali, na karatasi yake ya hospitali imelowa. Baada ya wiki kidonda kinatoa usaha. Watu husema dawa haikufaa. Kumbe dawa haina kosa!

Huko Marekani, mjini Boston, mwaka 1993 ilifunguliwa Barbara McInnis House, nyumba ambamo wasio na makao huuguzwa hadi wapone. Mwaka 2016 vikatolewa viwango vya huduma za namna hiyo: mahali pawe salama na safi, pawe na matibabu, na mgonjwa akabidhiwe kwa utaratibu, siyo kuachwa mlangoni tu.

Sisi tusingoje jumba. Hema moja litengwe kwa wanaopona, lenye vitanda na choo karibu. Wahudumu wa afya wa jamii, waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, wapate majina ya walioruhusiwa siku ileile, na tarehe zao za kurudi. Karatasi zikae ndani ya kopo lenye kifuniko (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017).

Na mwenye kisukari asiye na friji je? Utafiti uliohusu kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, uliotolewa 2021, ulionyesha kuwa insulini ilibaki na nguvu wiki nne katika joto la nyuzi 25 hadi 37. Mtungi wa udongo uliolowa hupunguza joto, na mitungi bibi zetu wanayo. Siku za kuitumia, lakini, aulizwe muuguzi.

Walimu wetu, shule zikigeuzwa kambi tena, ni darasa lipi litakuwa la wagonjwa? Mimi napendekeza lile lisilovuja.