Rafiki Aliyegeuka Jukwaani

Mwaka 1966 Aimé Césaire, mtunzi wa Martinique, alitoa mchezo juu ya nchi yetu, «Une saison au Congo». Mwisho wake twaujua kabla pazia halijafunguliwa: Lumumba aliuawa katika Katanga, tarehe 17 Januari 1961. Ni vigumu kutazama kilio cha nyumba yako.

Mwaka 2013 mchezo huo ulionyeshwa London, katika Young Vic. Chiwetel Ejiofor alikuwa Lumumba, naye Daniel Kaluuya alikuwa Mobutu, ambaye mtunzi alimwita Mokutu (herufi moja tu, nani asingemtambua?). Weusi waliwaiga Wabeljiji kwa pua za bandia: kichekesho, lakini kicheko chenye uchungu.

Kwangu mimi, mzigo mzito si wa Lumumba. Anayeuawa hupendwa upesi. Yule wa pili hana budi kuwa rafiki kwanza, rafiki wa kweli, kwani Lumumba mwenyewe ndiye aliyempandisha cheo jeshini mwaka 1960. Akiingia jukwaani na uso wa Yuda tangu mwanzo, ameuharibu mchezo wote.

Tena mwaka 1966 Mobutu huyo huyo alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Mchezaji atayatamka maneno hayo kwa uso gani?