KUHIFADHI MATUNDA KATIKA POMBE KALI: NGUVU IPIMWE KWANZA



Kila msimu wa maembe matunda mengi huozea chini ya miti katika vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita. Baadhi ya wanachama wameuliza kama yanaweza kuhifadhiwa nyumbani kwa pombe kali, kama wafanyavyo Wajerumani. Jibu ni kwamba yanaweza, lakini kwa sharti moja lisilovunjwa.

Wajerumani huita hifadhi hiyo Rumtopf, maana yake chungu cha ramu. Huanza mwezi wa Juni kwa stroberi, na kila tunda linapoiva huongezwa chunguni hadi Oktoba. Kila nusu kilo ya matunda hutiwa robo kilo ya sukari, kisha ramu hadi yazame kabisa. Chungu hufunikwa, huwekwa mahali pa baridi pasipo na mwanga, na hufunguliwa karibu na Krismasi.

Siri ya kazi hii ni ile ile ya michembe yetu. Vidudu viozeshavyo haviishi pasipo maji ya kuvitosha. Jua huyaondoa maji katika kiazi. Sukari huyafunga, na kileo huviua vidudu vyenyewe. Lakini tunda lina maji mengi, nayo huipunguza nguvu pombe. Ndiyo sababu Wajerumani hutumia ramu yenye kileo cha asilimia 54.

Tufanye hesabu kwa nanasi. Lita moja ya ramu hiyo, kwa nusu kilo ya nanasi na robo kilo ya sukari, hubaki na kileo cha asilimia 34 hivi. Pombe ya dukani yenye asilimia 35, kama Konyagi, hubaki na 22. Lakini nanasi likiwa kilo nzima na sukari nusu kilo, Konyagi hiyo hushuka hadi 16. Chini ya 20 hakuna uhakika tena: chachu huweza kuamka na chungu kizima kikachacha. Kwa hiyo, kwa Konyagi, matunda yasizidi nusu kilo kwa lita.

Hapa ndipo gongo inapokataliwa. Chupa yake haina kipimo, hivyo hesabu hiyo haiwezekani. Tena huweza kuwa na methanoli, sumu ipofushayo macho na kuua. Wala sukari na matunda haviiondoi. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 1966, inayoiita pombe hiyo moshi, inakataza kuitengeneza bila leseni.

Atakayejaribu atumie chombo cha kioo, aoshe na kukausha matunda, aondoe yaliyopondeka, na kukiweka mbali na watoto. Hifadhi hii ni ya nyumbani. Isiuzwe chamani, kwa kuwa biashara ya kileo yahitaji leseni. Asiyekuwa na fedha ya pombe ya dukani asitafute ya bei nafuu vichakani. Heri akaushe maembe yake juani, kama michembe.

Makatibu wanaombwa kuwasomea wanachama maelezo haya kabla ya msimu.